Kicheko Kilichomwondoa Achol Kakuma

Wimbo hautafsiriwi, wanangu. Ukianza kuongea juu ya wimbo, watu watakurushia akala, na akala ya tairi la lori ikikupata kichwani unasahau hata jina la sinema. Ngoja wimbo upumue. Kila wimbo una mahali unapovuta hewa. Hapo ndipo unaingiza neno lako, fupi, kisha unanyamaza.

Nawaambia nyinyi mnaonijia hapa Lodwar na simu zenu, mkitaka niwafundishe kutia sauti kwenye picha. Mnaniita gwiji. Mimi nilikuwa mama wa Kiturkana kutoka Lokitaung, mjane, mwenye sauti kubwa na ukumbi wa mabati kule Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi. Kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya kitambaa cheupe, kipaza sauti mkononi, na kuwaeleza watu kwa Kiswahili yale yanayosemwa kwenye picha. Mwisho wa wiki nilifunga mashine ya picha kwa blanketi nikaileta Lodwar, nikafanya hayo hayo kwenye ukumbi wa kukodi. Wote waliniita Mama Ekai, jina la mwanangu wa kwanza, na hilo lilinitosha.

Aliyenifundisha ni mkimbizi wa Kongo, Papa Musafiri, mtu mwembamba ambaye alivaa tai hata jua la Kakuma likichoma mawe. Yeye ndiye aliyeuanzisha ukumbi ule, nami nilikuwa nikimuuzia watazamaji wake chai. Siku alipopoteza sauti kwa mafua akanipa kipaza sauti. Sinema yenyewe ilikuwa ya mauaji, nami nilikuwa nimeshaiona. Basi nikawatajia watu mwuaji kabla hajaua. Nilidhani nawasaidia. Nusu ya ukumbi ilisimama ikadai kurudishiwa kiingilio, na Papa Musafiri, bila sauti, akawa anapiga magoti na kuinua mikono kama mtu aliyezingirwa na askari.

Kesho yake sauti ilipomrudia kidogo aliniita. "Maman, we unafuata mudomo. Fuata macho. Mutu anasema uongo na mudomo, macho inabaki pale pale."

Nimefanya kazi kwa neno hilo mpaka nilipoacha. Mengine ni ya mikono tu. Jenereta iwekwe kule upepo unakoelekea ukitoka kwako, la sivyo watu watakohoa sinema nzima. Mashine ya kuonyeshea picha haipendi vumbi wala joto, na sisi hatuna kingine. Ifunike mpaka watu wote wakae, kwa sababu ni miguu yao inayoinua vumbi. Turubai zito juu ya mabati, na lingine mlangoni, ndivyo utakavyopata giza saa tisa alasiri. Na usikae nyuma. Msimulizi akae mbele, pembeni, awaone watazamaji, maana wao ndio wanaokuambia useme nini.

Papa Musafiri alipopata nafasi ya kuhamia ng'ambo aliniachia ukumbi. Hiyo ndiyo elimu yangu yote.

Sasa niwaambie habari ya sinema ya binti wa mfalme, ambayo wengine wenu mnaijua kwa kipande kimoja tu, kile kipande.

Ilikuwa sinema ya nyimbo. Walioitengeneza walikuwa wakizitania hadithi za mabinti wa wafalme, lakini kwa upole, kama unavyomtania shangazi unayempenda. Binti akiimba, watumishi wote wa jumba wanalazimika kuacha kazi na kucheza, kwa hiyo chakula kinaungua kila siku na mfalme amekonda. Kuna joka linalotema moto, lakini limezeeka na linataka kulala tu. Anakuja mwana wa mfalme wa nchi nyingine juu ya farasi anayeogopa madimbwi. Analipiga joka usingizini, anatangaza kwamba amemwokoa binti, anampandisha kwenye gari la dhahabu. Ndani ya gari wanaimba wimbo wa mapenzi. Binti anajaribu kumwambia jina lake, na kila akifungua kinywa, mwana wa mfalme anaingia na ubeti mwingine wa kujisifu. Hajamuuliza jina. Huo ndio utani wenyewe, ila umefichwa katika wimbo mtamu sana, na watu wengi hawauoni mpaka mwishoni kabisa, binti anaposhuka kwenye matope, viatu mkononi, na kurudi kwa miguu.

Nilipoionyesha Lodwar mara ya kwanza, wavuvi waliopanda kutoka Kerio walikaa safu ya mbele. Joka nililiita mamba mwenye mabawa, kwa kuwa mamba tunamjua. Mmoja wao akauliza kwa sauti, "Mama Ekai, huyo nyama yake inaliwa?" Sinema ikasahaulika. Wakabishana mpaka nikazima picha, kisha wakaniomba msamaha.

Wiki nyingine wakaja wachungaji wa mifugo kutoka Lokiriama, waliokuwa wameleta mbuzi sokoni. Wao hawakucheka hata kidogo. Mwana wa mfalme alipomkabidhi mfalme ua jekundu kumposa binti, mzee mmoja aliinuka na fimbo yake.

"Ejok," alinisalimu kwanza, kwa adabu, katikati ya sinema. "Huyu kijana ameleta nini?"

"Ejok, baba. Ameleta ua."

"Ua la kula?"

"La kunusa."

Akageuka kuwatazama wenzake. "Huyu ni mwizi. Fungeni mlango." Wanawake wa Lodwar walicheka mpaka wakashikana mabega.

Nilikuwa nafurahi, wanangu. Sinema moja, na kila watu wanacheka mahali pao. Lakini kwa mapenzi hasa, hakuna walioipenda kama wasichana wa Kakuma. Walizishika nyimbo zote. Wakichota maji waliziimba, kwa maneno yao, mengine ya Kiarabu cha Juba, mengine ya Kiswahili changu, mengine ambayo hayakuwa maneno. Walinifanya niionyeshe tena na tena mpaka wanaume wakalalamika kwamba mpira umesahauliwa.

Kiongozi wao alikuwa Achol.

Achol alikuwa Mdinka wa Sudan Kusini, mrefu hata kwa Wadinka, ametimiza miaka kumi na minane na yuko kidato cha tatu. Wazazi wake walikufa vitani. Aliyemlea ni mdogo wa baba yake, Mzee Majok, msomaji wa Biblia katika kanisa lao la udongo, mtu mtaratibu ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Achol alikuwa akikaa juu ya mtungi wa plastiki, mbele, karibu nami, na alikuwa akinisahihisha. Nikikosea mstari ananong'ona, "Mama Ekai, hakusema hivyo."

Siku ya kwanza kabisa alipoiona sinema ile, wimbo wa gari la dhahabu ulikuwa umefika katikati. Wasichana wote wameshika mashavu, macho yamelegea. Ghafla Achol akasimama, akanyoosha mkono mrefu kuelekea kitambaa.

"Shuka!" akasema. "Shuka kwa hiyo gari! Hata jina hajakuuliza!"

Watu wakageuka kumtazama. Kisha wakaelewa, mmoja baada ya mwingine, na kicheko kilichotoka kiliyatikisa mabati. Nami nilikuwa nimeitazama sinema hiyo peke yangu mara mbili kujitayarisha na sikuwa nimeliona jambo hilo mle ndani ya wimbo. Tangu siku hiyo ikawa desturi. Wimbo ukifika pale, ukumbi mzima unasimama: "Shuka! Shuka!" Akina mama walikuja kwa ajili ya kupiga kelele hiyo tu. Kuna mmoja, mama wa Kisomali mwenye duka la vitambaa, aliyekuwa akiingia wimbo unapoanza na kutoka ukiisha.

Basi habari zikafika Nairobi. Akaja kijana mmoja na kamera, Tedi, na mwenzake wa kushika taa. Tedi alikuwa na adabu, sitamsingizia. Alininunulia soda, akaniita mathe, kama vijana wa Nairobi wanavyowaita mama zao, akasema anazunguka nchi akipiga picha jinsi watu wanavyopokea sinema. Aliomba ruhusa, nikawauliza watazamaji, wakapiga makofi. Nani hapendi kupigwa picha anapofurahi? Achol alisuka nywele upya kwa siku hiyo.

Alipiga picha sinema nzima. Wimbo wa gari ulipofika, Achol akasimama kama kawaida yake, akafanya vituko kuliko siku zote, akashika kiuno, akamkemea binti wa mfalme kama mama mkwe. Tulicheka tukalia.

Kipande kilichotoka kwenye simu za watu kilikuwa kifupi. Kicheko cha ukumbi kilikuwa kimekatwa. Wenzake waliosimama pamoja naye walikuwa wamekatwa. Alibaki Achol peke yake gizani, ananyoosha mkono, anapaza sauti kwa kitambaa, na chini yake maneno: msichana wa kambini aona sinema mara ya kwanza, adhani binti anamsikia.

Mnaelewa walichofanya? Msichana aliyeuona utani kabla yetu sote, walimgeuza yeye kuwa utani.

Na nchi ikacheka. Watu wakaweka muziki juu ya sauti yake. Wengine wakajifunga vitambaa kichwani, wakajipaka masizi, wakamwigiza. Makondakta wa Nairobi wakaanza kuwatania abiria kwa lile neno. Niliyasoma maoni ya watu mpaka mwanangu Ekai akaninyang'anya simu. Walioandika kwa huruma ndio walionichoma zaidi. Masikini, waliandika, wapeni elimu hawa. Mtoto alikuwa wa pili darasani kwake.

Nilimpigia Tedi.

"Mathe! Umeona vile imeshika?" Alikuwa na furaha ya kweli. "Watu wanampenda huyo dem, nakuambia."

"Tedi mwanangu, umekata kicheko. Umemfanya mjinga."

"Zii, mathe, si mjinga. Ni mtoto wa watu, ako innocent. Hiyo ndiyo watu wanataka. Ukiweka kila mtu anacheka, hiyo ni sinema tu kama zingine."

"Itoe."

"Siwezi itoa. Hata nikitoa, imeshasambaa. Lakini sikia, tunataka kurudi. Part two. Tumletee gauni ya princess, avae, apande gari. Itakuwa tamu sana."

"Tedi, msichana huyo anaitwa nani?"

Nikasikia pikipiki zikipita upande wake. "Si sisi tunamwita Shuka Girl," akasema.

Nikakata simu. Nilikuwa nimesimama nje ya ukumbi wangu kwenye upepo wa mchanga.

Achol alikuja kesho yake. Hakuwa analia. Alisema shuleni wamelibandika lile neno kwenye dawati lake, na mwalimu mmoja alilitumia kumwambia akae chini. Alisema hilo linapita. "Lakini baba mdogo ameona," akasema. "Ametumiwa."

Nilifunga ukumbi nikaenda kwa Mzee Majok. Nilimkuta nje ya nyumba yake, Biblia kwenye goti, simu juu ya Biblia. Alininyanyukia, akaniletea kiti, akakaa yeye kwenye mtungi. Aliniuliza habari za Ekai na za afya yangu.

"Mzee Majok," nikasema, "ile picha ni ya uongo. Mimi nilikuwapo. Achol ndiye mwenye akili kuliko wote waliokuwa mle ndani."

"Mimi najua akili yake, Mama Ekai. Mimi nimelea yeye." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Ndugu yangu ya Australia ametuma hii kitu. Ameweka zile kichwa za njano za kucheka. Watu ya Juba wameona. Ile familia wanataka kuoa yeye, wao pia wameona."

Ndipo nikajua kwamba kulikuwa na familia. Mazungumzo yalikuwa yameanza kitambo, taratibu, na Mzee Majok mwenyewe alikuwa ameyasukuma mbele mpaka Achol amalize shule. Hilo alinieleza, na namwamini.

"Wanasemaje?" nikauliza.

"Wanasema, huyu msichana anaambia bibi-harusi shuka. Kwa watu wote. Wanasema, kama sisi tunangoja shule, kesho ataambia nani shuka? Wanataka sasa, ama wanaacha, na wakiacha sasa hakuna nyumba itauliza yeye tena."

"Na wewe unasemaje?"

Aliinua simu yake. "Hawa watu wote wanacheka, Mama Ekai. Wanacheka mtoto, ama wanacheka mimi? Mimi sijui. Nikienda duka, wananyamaza. Nikisoma neno kanisani, watoto huko nyuma wanasema ile kitu. Mimi nimekimbia vita, nimekaa hapa bila ng'ombe, bila kitu. Heshima ndiyo nilikuwa nimebaki nayo."

"Mzee, tafadhali. Amebakiza mwaka mmoja na kidogo."

"Wewe ulitia ile maneno kwa hiyo sinema," akasema, bila hasira. "Kiswahili ilikuwa yako. Lakini mimi sikulaumu. Wewe ulikuwa unafanya kazi."

Ningependa angenitukana.

Nilikwenda kwenye ofisi moja inayoshughulikia mambo ya wasichana. Binti nadhifu nyuma ya kompyuta alinijibu kwa Kiingereza kwamba mhusika ni mtu mzima, na kwamba ni yeye mwenyewe anayepaswa kuja kulalamika. Kisha akaniuliza, akijaribu kutotabasamu, kama ni yule wa klipu. Nilimwambia Achol twende. Alikataa. Alikuwa na mdogo wake wa kike, Ayen, aliyekuwa akiishi kwa shangazi yao mtaa wa pili, na alijua kwamba akimshtaki Mzee Majok ofisini, hakuna mkono wa ukoo huo utakaomlisha Ayen. Alilifikiria jambo hilo kwa utulivu, kuliko mimi. "Mama Ekai," akasema, "wewe ulitufundisha kutazama macho. Macho ya baba mdogo hayana ubaya. Anaogopa tu. Na mimi siwezi kumshtaki mtu kwa kuogopa."

Mzee Majok akaikubalia ile familia. Waliondoka na Achol asubuhi, kwa Landkruza ya kukodi iliyokuwa ikielekea mpakani kupitia Lokichoggio. Wasichana wa ukumbini walikuja kumuaga, wamesimama kando ya barabara na madumu yao ya maji. Achol alikuwa amekaa nyuma kati ya wanawake wawili wa upande wa mume, kitambaa kipya kichwani. Hakuna aliyeimba. Wasichana hawakujua wafanye nini na midomo yao.

Kisha kijana mmoja aliyekuwa akipakia mizigo akamtambua. "We! Si ni yule wa Shuka!" Akachomoa simu. Mwingine naye akachomoa. Wakalisogelea gari, wakicheka, bila ubaya wowote, wakimwomba alitamke neno lile mara moja tu. "Sema basi! Moja tu, siste!"

Nilimpiga yule wa kwanza kofi. Sijawahi kumpiga mtoto wa mwenzangu kabla wala baadaye. Simu ikaanguka, gari likaondoka, na vumbi likatufunika sote. Lilipotulia, wasichana walikuwa wameshageuka kurudi na madumu yao, bila kunisubiri.

Niliendelea na kazi kidogo. Sinema ile sikuionyesha tena, ingawa watu wageni walikuja kuiulizia, wengine na kamera. Nilirudi kwenye mpira na mauaji. Lakini nilikuwa nimeanza kuwachungulia watazamaji kwa namna nyingine. Mtu akicheka sana, namtazama aliye karibu naye, nione kama mkono wake unatafuta simu mfukoni. Msimulizi hawezi kufanya kazi hivyo. Nikawa nachelewa kwenye maneno, napitwa na mistari, na hakukuwa na mtu wa kunisahihisha.

Achol alipiga simu mara moja, kwa simu ya kuazima, mahali fulani ng'ambo ya mpaka ambako mtandao ulikuwa ukikatika. Nilikuwa na mengi ya kumuuliza. Anakula vizuri? Mume ni mtu wa namna gani? Aliyajibu yote kwa neno moja, salama, salama, kama mtu anayehesabiwa pumzi. Kisha akasema haraka:

"Mama Ekai, Ayen amekua. Najua atakuja kwako, anapenda sinema. Usimruhusu."

"Achol mwanangu, nitamlinda. Nitazuia simu zote mlangoni—"

"Hapana. Usimruhusu kuingia. Asionekane akicheka."

Laini ikakatika.

Nyinyi mnaniuliza kwa nini niliuza mashine wakati nilikuwa bado na sauti. Ni hivi. Haukupita muda mrefu, alasiri moja, turubai la mlangoni likafunuka akaingia msichana mrefu mwembamba, sare ya shule ina kiraka begani, kiingilio chake amekikunja kiganjani. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Aliwasalimu wakubwa wote waliokuwa pale, mmoja mmoja, kisha akachagua mahali pa kukaa, mbele kabisa, akanitazama akisubiri nianze.

Nikamshika mkono nikamtoa nje. Nikamwambia ukumbi umejaa. Alichungulia nyuma yangu, akaziona benchi tupu safu kwa safu. Hakubishana. Alisema, "Sawa, mama, asante," akaondoka, na mimi nikarudi ndani, nikachukua kipaza sauti, nikawaeleza watu waliobaki sinema nzima mpaka mwisho.